Filamu za kutisha: Kwa nini hofu ya bei nafuu inajaza ukumbi?

KWA miaka kadhaa sasa wafanyabiashara wa sinema duniani wamekuwa wakiumiza vichwa kwa swali moja: ni filamu ya aina gani itakayomtoa mtu nyumbani kwake, penye runinga kubwa na intaneti, akakate tiketi na kuketi gizani pamoja na watu asiowajua?

Filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambazo katika miaka ya 2010 zilijaza kumbi karibu kila zilipotoka, hazina tena uhakika huo. Vichekesho na hadithi za mapenzi vimehamia kwa sehemu kubwa kwenye runinga za majumbani. Katika hali hiyo, aina moja ya filamu ambayo zamani ilidharauliwa hata na baadhi ya watengenezaji wenyewe imekuwa nguzo ya kutegemewa. Nayo ni filamu ya kutisha.

Mwaka 2025 ulitoa ushahidi wa kutosha. Sinners ya mwongozaji Ryan Coogler, iliyotoka Aprili, iliingiza zaidi ya dola milioni 360 za Marekani duniani kote. Final Destination Bloodlines, iliyofuata Mei, ilivuka dola milioni 300. Weapons ya Zach Cregger, iliyotoka Agosti, iliingiza zaidi ya dola milioni 260, na The Conjuring: Last Rites ya Septemba ikakaribia dola milioni 500.

Swali linalostahili kujibiwa ni kwa nini. Je, watazamaji wamependa damu kuliko zamani? Maoni ya mwandishi wa makala haya ni kwamba siri haipo katika damu wala katika wingi wa fedha. Ipo katika jambo ambalo wanafunzi wa fasihi wanalijua kwa jina la taharuki, yaani ile hali ya kusubiri kwa wasiwasi jambo ambalo mtu anajua litakuja, ila hajui litatokea upande gani.

Hesabu ya fedha

Kwanza ni vyema kuielewa hesabu. Fedha za tiketi zinazotangazwa si faida. Wenye kumbi huchukua sehemu kubwa, mara nyingi inayokaribia nusu, na kinachobaki hulipa gharama za kutengeneza filamu na za kuitangaza. Ndiyo maana filamu iliyogharimu dola milioni 200 inaweza kuingiza dola milioni 350 na bado ikahesabiwa kuwa imewatia hasara wenyewe.

Filamu ya kutisha iko upande wa pili wa mizani hiyo. Haihitaji mwigizaji ghali wala magari ya kulipua. Nyumba moja, watu wanne na mlango usiofunguliwa vinatosha.

Mfano unaotajwa zaidi ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999. Daniel Myrick na Eduardo Sánchez waliwapeleka waigizaji watatu wasiojulikana katika misitu ya Maryland, wakawapa kamera wajipige picha wenyewe. Gharama za awali zinakadiriwa kuwa dola 60,000, na mapato yalikaribia dola milioni 250. Mchawi anayetajwa katika jina la filamu hiyo haonekani hata mara moja.

Miaka michache baadaye Oren Peli alitumia nyumba yake mwenyewe mjini San Diego kutengeneza Paranormal Activity kwa takriban dola 15,000. Kamera imewekwa chumbani ikiwatazama wapenzi wawili waliolala. Mlango unasogea kidogo. Ilipotoka katika kumbi nyingi mwaka 2009, picha hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 190.

Mifano hii miwili ni ya kipekee, na kwa kila filamu ya namna hiyo zipo nyingine nyingi zilizopotea bila kusikika. Hata hivyo, inaonyesha kwamba mtazamaji halipii kile alichooneshwa peke yake. Hulipia pia kile alichokisubiri.

Kushtuka si kuogopa

Hapa ndipo watazamaji wengi, na hata baadhi ya waongozaji, wanapochanganya mambo mawili. Kushtuka ni jambo la mwili. Mtu akipiga kelele ghafla nyuma yako utaruka, hata kama ni rafiki yako. Kuogopa ni jambo la akili, na huhitaji muda.

Mbinu ya mshtuko wa ghafla ina historia ndefu. Katika Cat People ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur na kutayarishwa na Val Lewton, mwanamke anatembea usiku peke yake akihisi kwamba anafuatwa. Hatua zinasikika, kisha zinakoma. Ghafla unasikika mngurumo kama wa mnyama mkali, kumbe ni breki za basi lililosimama mbele yake. Watazamaji waliruka, na mbinu hiyo imeigwa hadi leo.

Wanaoiga husahau jambo moja. Basi lile lilifanya kazi kwa sababu ya ukimya uliolitangulia. Ukiuondoa ukimya, inabaki kelele tu.

Alfred Hitchcock alikuwa akiieleza tofauti hiyo kwa mfano wa bomu. Watu wawili wanazungumza mezani, bomu linalipuka bila mtu kujua kwamba lilikuwapo: mtazamaji atashtuka kwa sekunde chache. Lakini akioneshwa mapema kwamba bomu liko chini ya meza, na wale wawili wakaendelea kuzungumza mambo ya kawaida, atakaa juu ya kiti cha moto kwa dakika 15.

Steven Spielberg alilipata somo hilo kwa njia ya matatizo. Alipokuwa akitengeneza Jaws, iliyotoka mwaka 1975, papa wa bandia aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Ikabidi samaki huyo aonekane kwa nadra, na nafasi yake ichukuliwe na muziki na maji matupu. Hitilafu hiyo ndiyo iliyoipa picha nguvu yake.

Filamu za karibuni katika mizani

Tukizipima filamu za karibuni kwa kipimo hicho, picha inakuwa wazi zaidi.

Sinners inasimulia habari za mapacha wawili, wote wakiigizwa na Michael B. Jordan, wanaorejea Mississippi mwaka 1932 kufungua ukumbi wa muziki kwa ajili ya watu weusi. Wanyonya damu, ambao wazee wa pwani yetu wangewaita mumiani, wanachelewa kufika. Coogler anatumia muda mrefu kututambulisha kwa mpiga gitaa, mwenye duka, mke aliyeachwa na mlinzi wa mlangoni. Wapo waliolalamika kwamba mwanzo ni mrefu. Kwa maoni yangu mwanzo huo ndio filamu yenyewe, kwa kuwa hofu ya usiku isingekuwa na uzito kama tusingewapenda watakaokufa.

Aidha, kanuni ya kale kwamba mnyonya damu hawezi kuingia mpaka akaribishwe inaugeuza mlango wa kawaida kuwa mahali pa hatari kuliko silaha yoyote. Mazungumzo ya kizingitini yanatisha kuliko vita vya mwisho, ambavyo ni virefu kupita mahitaji.

Weapons inaanza na fumbo jepesi kulieleza: watoto 17 wa darasa moja wanatoka majumbani mwao saa 8:17 usiku, wanakimbilia gizani na hawaonekani tena. Mtoto mmoja tu wa darasa hilo anabaki. Hadithi inapita kwa mwalimu, kwa mzazi, kwa askari polisi na kwa wengine, kila mmoja akifunua kipande. Udadisi wa mtazamaji unafanya kazi ambayo kwingine hufanywa na damu. Sehemu ya mwisho inachanganya kicheko na kitisho kwa namna ambayo si kila mtu ataipenda, lakini ni ya mtu anayejua anachokifanya.

The Conjuring: Last Rites ndiyo iliyoingiza fedha nyingi zaidi kati ya hizo nne, nayo kwangu ndiyo dhaifu katika kutisha. Inazidi saa mbili, na milango yake inabamizwa kwa utaratibu ambao mtazamaji wa filamu zilizotangulia anaweza kuutabiri. Watu hawakuifuata kwa ajili ya hofu. Walikwenda kuwaaga Patrick Wilson na Vera Farmiga, waliocheza kama wanandoa Ed na Lorraine Warren tangu mwaka 2013. Si vibaya, lakini ni biashara ya mazoea.

Wapo watakaopinga hoja yangu kwa kuitaja Terrifier 3 ya mwaka 2024, iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni mbili na kuingiza kadiri ya dola milioni 90 huku ikimwaga damu bila haya. Ni kweli damu ina wapenzi wake. Hata hivyo, ukimtazama yule mchekeshaji asiyesema neno utagundua kwamba sehemu zinazokaa moyoni ni zile anazosimama kimya akitabasamu, kabla hajafanya lolote.

Hofu ina kwao

Jambo jingine linalosaidia filamu hizi kuvuka mipaka ni kwamba hofu hubeba mambo ambayo watu wanashindwa kuyasema waziwazi. Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, ilizungumzia ubaguzi wa rangi kupitia kijana anayekwenda kutambulishwa kwa wakwe. Ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 na kumpatia Peele tuzo ya Oscar ya mswada wa filamu. Kijana huyo aliigizwa na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda.

Afrika Mashariki imekuwamo pia kupitia Lupita Nyong'o wa Kenya. Katika Us ya mwaka 2019 alicheza nafasi mbili, mama na kivuli chake, kwa sauti na mwendo tofauti kabisa. Mwaka 2024 akawa mwigizaji mkuu wa A Quiet Place: Day One, ambamo viumbe huwinda kwa kufuata sauti. Sehemu kubwa ya kazi yake humo ni macho, maana kusema ni kufa. Katika mfululizo huo hata watazamaji ukumbini husita kutafuna bisi.

Tanzania nayo ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza filamu kama Nsyuka na Shumileta, zilizotazamwa zaidi majumbani na katika vibanda vya video. Zilitumia majini na mizimu ambayo mtazamaji alikuwa amesikia habari zake kwa bibi yake. Ufundi wa picha ulikuwa wa mwanzo, lakini msingi wake ni uleule: mwogopeshe mtu kwa kitu anachokijua.

Hatari iliyopo

Tatizo ni kwamba mafanikio huleta tamaa. Mwanasesere wa M3GAN, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2022, aliwapatia watengenezaji wake takriban dola milioni 180 kwa gharama ya milioni 12. Mwendelezo wake wa mwaka 2025 uliacha kutisha ukawa filamu ya mapigano, ukashindwa kufikisha hata dola milioni 40. Watu walifuata hofu, wakapewa ngumi.

Jambo hili haliwahusu matajiri wa Hollywood peke yao. Wakazi wa makamo wa Dar es Salaam wanaikumbuka Empire, Avalon na Odeon. Televisheni na kanda za video zilipoingia, nyingi za kumbi za zamani zilifunga milango. Leo sinema zimerudi ndani ya majengo ya maduka makubwa, na ukumbi hauwezi kuishi kwa filamu mbili kubwa kwa mwaka. Unahitaji picha ya kila mwezi, ya gharama ndogo, inayowavuta vijana usiku wa Ijumaa. Kama waongozaji wataigeuza hofu kuwa kelele za mazoea, kumbi zitapoteza mteja waliyebaki naye.

Kwa mtazamaji anayetaka kuchagua, vipo vipimo viwili vya haraka. Kwanza, je, tangazo la filamu limeonesha kila kitu? Likiwa limemwonesha shetani, jini na damu yote ndani ya dakika mbili, huenda hakuna kilichobaki. Pili, je, unaweza kusema mhusika mkuu anampenda nani na anaogopa kumpoteza nani? Kama hakuna jibu, hakuna taharuki.

Wazazi nao wasiache kusoma daraja la umri kabla ya kukata tiketi. Neno "18" katika bango halikuwekwa kama pambo, na mtoto aliyeona asichopaswa kuona atakuamsha wewe usiku, si mwenye ukumbi.

Baada ya hapo, fedha ni za mtazamaji na uamuzi ni wake. Akilipia kelele, ataletewa kelele zaidi mwaka ujao. Akiwalipia wale wanaojua kumsubirisha, nao watapata ujasiri wa kutengeneza nyingine.