Maswali matano ambayo mwakilishi wadi wako anafaa kuuliza kuhusu hospitali

MAMA anapojifungua, misuli ya mfuko wa uzazi inapaswa kujikaza mara moja ili ibane mishipa iliyokuwa ikipeleka damu kwenye kondo la nyuma. Mimba inapokomaa, takriban nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko huo kila dakika. Misuli ikilegea, damu hiyo humwagika nje. Mama aliyeingia wadi ya kujifungulia akiwa na afya njema anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Aliye na upungufu wa damu huenda asifikishe hata muda huo.

Kinga yake inajulikana. Kila mama hupaswa kudungwa sindano ya oksitosini pindi tu mtoto anapozaliwa ili misuli ijikaze. Lakini dawa hiyo huharibika kwa joto. Inafaa kuhifadhiwa kwenye friji yenye nyuzijoto kati ya 2 na 8. Friji inahitaji umeme, na umeme ukipotea inahitaji jenereta au sola. Damu isipokoma, mama anahitaji ambulensi yenye mafuta na dereva aliye zamu. Akifika hospitalini, anahitaji damu ya kuongezewa, chumba cha upasuaji kilicho wazi na mtaalamu wa nusukaputi.

Friji, umeme, mafuta, dereva, damu na mtaalamu. Nikiyataja haya mbele ya wanafunzi wa udaktari, wanadhani nazungumzia matibabu. Nikiyataja mbele ya mhasibu wa kaunti, anajua nazungumzia bajeti. Sote wawili tuko sahihi, na ndiyo maana wiki hii, msomaji, nataka tuzungumze kuhusu mtu ambaye huenda hujawahi kumhusisha na afya yako: mwakilishi wadi wako.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilikadiria kuwa nchini Kenya kina mama 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai. Lengo ambalo mataifa ya dunia yalikubaliana ni kushusha vifo hivyo hadi chini ya 70 ifikapo 2030. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndicho chanzo kinachoongoza.

Tangu 2013, ugatuzi ulipoanza, zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na huduma za ambulensi ziko chini ya serikali za kaunti. Nairobi bado inasimamia sera na hospitali kuu za rufaa za kitaifa, lakini pale unapompeleka mtoto mwenye homa, msimamizi ni gavana na waziri wake wa afya. Anayepaswa kuwauliza maswali kwa niaba yako ni mwakilishi wadi. Tuna wadi 1,450 katika kaunti 47, kwa hiyo popote ulipo, yuko mmoja uliyemchagua.

Nguvu zake si ndogo. Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti jukumu la kuichunguza serikali ya kaunti. Kifungu cha 183 kinaitaka serikali hiyo ilipe bunge ripoti kamili na za mara kwa mara. Kifungu cha 195 kinaruhusu bunge au kamati yake kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kwa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu katika kuita mashahidi. Waziri wa afya wa kaunti akiitwa mbele ya kamati, hana budi kufika na kujibu.

Tatizo ni aina ya maswali. Mheshimiwa akisimama na kuuliza, “Je, serikali inafanya nini kuhusu uhaba wa dawa?” atajibiwa kwamba serikali inajitahidi, kwamba dawa zimeagizwa, kwamba changamoto zinashughulikiwa. Hapo hakuna uongo na hakuna jibu. Daktari akimuuliza mgonjwa “unajisikiaje?” na kukoma hapo, hatagundua ugonjwa. Lazima aulize maumivu yalianza lini, yako wapi, yanachukua muda gani. Haya hapa ni maswali matano ambayo, kwa mtazamo wangu wa kitabibu, hayaachi mwanya wa kujibu kwa maneno matupu.

La kwanza: dawa zilikosekana siku ngapi? Kila stoo ya dawa ina kadi ambapo mhudumu huandika zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. Kwa hiyo inawezekana kujua, kwa kila kituo, oksitosini ilikosekana siku ngapi katika miezi mitatu iliyopita. Vivyo hivyo kwa dawa ya kifafa cha mimba, insulini, dawa za shinikizo la damu na amoksilini ya watoto wenye nimonia. Dawa zikiwapo leo, haimaanishi zilikuwapo wiki jana. Mgonjwa wa kisukari anayekosa insulini kwa siku chache anaweza kuzimia na kufa, hata kama mwishoni mwa mwezi stoo itajazwa.

La pili: friji za dawa na chanjo ziko katika hali gani? Wahudumu hurekodi joto la friji ya chanjo kila siku. Mheshimiwa aombe rekodi hizo na aulize ni vituo vingapi havina umeme wa akiba. Chanjo au oksitosini iliyoharibiwa na joto haibadiliki sura. Mhudumu huidunga akiamini imefanya kazi.

La tatu: ambulensi hufika baada ya dakika ngapi? Idadi ya magari yaliyonunuliwa haitoshi. Tunataka kujua mangapi yako barabarani leo, mangapi yamelala kwenye gereji, bajeti ya mafuta ya mwezi ni kiasi gani, na muda uliopita tangu kituo kipige simu hadi mgonjwa afike hospitalini. Katika hospitali moja ya kaunti niliyowahi kufanyia kazi, tulipokea kina mama waliobebwa kwa bodaboda huku wakivuja damu, kwa sababu gari lilikuwapo ila tangi lilikuwa tupu. Kwenye orodha ya mali ya kaunti, ambulensi hiyo ilihesabiwa kuwa inafanya kazi.

La nne: nani yuko zamu usiku? Uchungu wa kuzaa hausubiri asubuhi. Zahanati yenye muuguzi mmoja hufungwa akienda likizo, akiugua au akiitwa kwenye semina. Swali liwe: ni vituo vingapi katika kaunti vina mhudumu mmoja tu, na ni vingapi hutoa huduma saa 24? Jengo jipya lililozinduliwa kwa utepe na ngoma haliwezi kuzalisha mtu kama halina wakunga.

La tano: pesa zilizotengwa, zilizotolewa na zilizotumika ni kiasi gani? Haya ni mambo matatu tofauti, na wengi huyachanganya. Bunge linaweza kuidhinisha milioni 40 za dawa mwezi Juni, zikatolewa milioni 15, na zikatumika 12. Gavana akisema “tulitenga milioni 40” atakuwa amesema kweli, na mgonjwa atakosa dawa vilevile. (Nimetoa takwimu hizi kwa mfano tu.) Aulize pia deni la kaunti kwa Kemsa na kwa wasambazaji wengine, kwani msambazaji asiyelipwa hufikia mahali akasita kuleta shehena nyingine.

Chini ya swali hilo la tano liko jambo jingine. Kwa miaka mingi, katika kaunti nyingi, pesa ambazo hospitali ilikusanya kwa wagonjwa zilipelekwa kwenye hazina ya kaunti, na hospitali ikabaki ikisubiri irudishiwe. Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023 sasa inaviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuyatumia papo hapo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF katika kulipia matibabu. Kwa hiyo mheshimiwa aulize: je, hospitali zetu zinabaki na pesa zao? Zimedai SHA kiasi gani, zimelipwa kiasi gani, na madai mangapi yamekataliwa?

Wataalamu wa afya ya uzazi hugawanya ucheleweshaji unaoua kina mama katika sehemu tatu, mgawanyo uliotolewa na watafiti Thaddeus na Maine mwaka wa 1994. Kwanza, familia kuchelewa kuamua kutafuta msaada. Pili, kuchelewa kufika kituoni. Tatu, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tazama tena maswali matano. Swali la ambulensi linagusa ucheleweshaji wa pili, na mengine manne yanagusa wa tatu. Ule wa kwanza ndio ulio mikononi mwako na mwangu, nami nitaurudia kabla ya kumaliza.

Si kila suluhisho linahitaji mamilioni. Mwaka wa 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga waliwekea kina mama mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ili kujua damu iliyotoka ni kiasi gani hasa, badala ya kukadiria kwa macho. Damu ilipopita kiwango, walitoa matibabu yote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa, maji ya mishipa na uchunguzi. Visa vya kuvuja damu kupita kiasi, upasuaji wa dharura au kifo kutokana nako vilipungua kwa asilimia 60. Swali ambalo mwakilishi wadi anaweza kuuliza kesho asubuhi ni hili: je, mifuko hiyo ipo katika wadi zetu za kujifungulia, na wakunga wamefunzwa kuitumia?

Kuna jambo naomba waheshimiwa waliepuke. Siku hizi si ajabu kumwona kiongozi akivamia zahanati na kamera, akimfokea muuguzi mbele ya wagonjwa kwa sababu kabati la dawa ni tupu. Muuguzi huyo hakuandaa bajeti, hakutia saini hundi, na mara nyingi ndiye aliyeandika barua tatu akiomba dawa hizo. Mhudumu aliyeaibishwa hadharani hujifunza kuficha upungufu, na hapo ndipo hatari huanza, maana mlango wa kupata ukweli unafungwa. Mgonjwa aliyelala kitandani naye ana haki ya faragha. Picha yake haifai kutumiwa kama ushahidi wa kisiasa. Ziara ni nzuri, ila mheshimiwa aende aangalie kadi za stoo na rekodi za friji, amsikilize muuguzi faraghani, kisha amuulize waziri bungeni.

Na wewe, msomaji, usiketi ukingoja. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma inapaswa kukujibu ndani ya siku 21, au saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai wa mtu. Unaweza pia kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti kupitia kwa karani wake. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kuhusu matumizi ya kila kaunti hutolewa kila robo ya mwaka na ziko wazi kwa kila mtu, sawa na zile za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Kumbuka na tarehe. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Katikati ya siku hizo mbili ndipo kamati hukaribisha maoni ya wananchi. Kikao hicho mara nyingi huwa na viti vingi vitupu. Nenda na swali moja tu kati ya haya matano, uulize kuhusu zahanati yako kwa jina, na uombe jibu la maandishi. Ukiwa wa kikundi cha kina mama, chama au jumuiya ya dini, nendeni pamoja.

Sasa nirudie ule ucheleweshaji wa kwanza. Ukiwa mjamzito, usingoje damu itoke nyingi ndipo utafute msaada. Kutokwa na damu wakati wowote wa ujauzito, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kifafa, homa kali, au mtoto kupunguza kucheza tumboni, yote yanataka uende hospitalini siku hiyohiyo, hata usiku. Baada ya kujifungua, ukilowesha pedi moja au zaidi kwa saa, au ukihisi kizunguzungu na moyo kwenda mbio, hiyo ni dharura. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura, awe na pesa au hana.

Weka mapema nambari ya ambulensi ya kaunti yako kwenye simu, na ya jirani mwenye gari. Uipige ile ya ambulensi leo, ukiwa mzima, usikie kama inapokelewa. Isipopokelewa, tayari una swali la kumpelekea mwakilishi wadi wako.