Mabadiliko Kazini: Waraka Pekee Hautoshi

Chuo kikianza kumpokea mama kijana pamoja na mtoto wake, karibu kila kitu ndani yake hubadilika. Bweni lililopangwa kwa wasichana wasio na watoto linahitaji mpango mwingine. Mkoani Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai si ya mchezo, panatakiwa chumba chenye joto, maji ya moto na mlezi wa kushinda na watoto mama zao wakiwa darasani. Mpishi ana uji wa kupika kabla ya chai ya wanachuo. Mkufunzi wa ushonaji anapaswa kujua la kufanya mwanafunzi anapotoka kwenda kunyonyesha katikati ya somo la kukata kitambaa. Mhasibu naye atauliza swali lake, na ni swali la haki: uji wa watoto unalipiwa kutoka kifungu gani?

Mfano huu unahusu Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vilianza mwaka 1975, kwa wazo lililotokana na vyuo vya wananchi vya Sweden, ili watu wazima wa vijijini wapate ujuzi wa kujitegemea. Leo vyuo vya umma vya aina hii ni 54, vikiwemo Njombe na Ulembwe. Vimewahi kuwa chini ya wizara inayosimamia maendeleo ya jamii, na sasa viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kozi fupi za wananchi zimekutana humo na mafunzo ya ufundi stadi. Kisha ikaja programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania kwa kushirikiana na serikali, iliyofungua milango kwa wasichana walioacha shule, wengi wao wakiwa mama. Novemba 2021 serikali ilitangaza pia kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi katika shule za mfumo rasmi.

Kila hatua kati ya hizo ilikuja kwa maandishi kutoka juu. Maandishi ni ya lazima, kwa sababu mkuu wa chuo hawezi kuanzisha huduma bila idhini wala kutumia fedha bila kifungu. Lakini waraka huishia mezani kwa mkuu. Kutoka pale hadi jikoni, bwenini, darasani na masjala kuna safari nyingine, na taasisi nyingi huanguka katika safari hiyo. Taaluma inayoichunguza huitwa maendeleo ya taasisi, na ina jambo la kuwafaa wakuu wa vyuo, wakutubi na maofisa utumishi wetu.

Mwasisi mkubwa wa taaluma hiyo ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia wa Kijerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyehamia Marekani mwaka 1933 na kufariki mwaka 1947. Lewin alieleza kuwa hali ya kazi mahali popote inashikiliwa na nguvu mbili zinazopingana: zinazosukuma mabadiliko na zinazoyazuia. Kiongozi mwenye haraka huongeza msukumo, yaani amri, vitisho na barua za onyo. Kazi inaweza kusogea, lakini mvutano nao unapanda, na siku msukumo ukilegea mambo hurudi yalikokuwa. Njia iliyo bora, alisema, ni kutafuta kinachozuia na kukipunguza. Mpishi anayenung'unika kuhusu uji huenda hana chuki na watoto wa wanachuo. Huenda anacho chungu kimoja kikubwa, kuni za kuhesabu na msaidizi mmoja. Mpe chungu cha pili na saa ya kuanzia kazi inayotekelezeka, upinzani wake utapungua bila barua yoyote.

Ushahidi mashuhuri wa jambo hili ulitoka katika kiwanda cha nguo za kulalia cha Harwood, mjini Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Wafanyakazi wake walilipwa kwa kipande, na kila walipobadilishiwa kazi uzalishaji ulishuka na wengi waliondoka. Mwaka 1948 Lester Coch na John French walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika humo. Kundi moja liliitwa likaelezwa mabadiliko na viwango vipya, basi. Jingine lilituma wawakilishi kusaidia kupanga. Katika makundi mengine mawili kila mfanyakazi alishiriki kupanga kazi yake mpya.

Katika kundi lililoambiwa tu, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo, na waliobaki hawakurudia kiwango chao cha zamani. Katika makundi ambayo kila mtu alishiriki, hakuna aliyeondoka kipindi hicho, na uzalishaji ulipanda hadi takriban asilimia 14 juu ya ule wa kabla ya mabadiliko. Makundi yalikuwa madogo, hivyo tarakimu hizo si sheria ya maumbile. Lakini lipo jambo lililofuata linalonishawishi zaidi. Baada ya muda, watu waliosalia katika lile kundi la kwanza walihamishiwa kazi nyingine, na safari hii wakashirikishwa kikamilifu. Walipanda haraka kama wenzao. Watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni namna ya kuendeshwa. Kwa hiyo tunapomwita mtumishi mkaidi, tuchunguze kwanza jinsi taarifa ilivyomfikia.

Njombe inayo mifano ya karibu. Mwaka 2012 mikoa minne mipya ilianzishwa nchini: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Njombe ilitoka katika mkoa wa Iringa. Mpaka wa mkoa huchorwa kwenye ramani mara moja, ila kugawana ofisi ni kazi ndefu: watumishi, magari, samani, madai, madeni, na majalada yaliyojaa makabati. Jalada moja likikwama njiani, kuna mtumishi wa Ludewa au Makete ambaye madai yake yanasimama. Katika mgawanyo wa namna hiyo mtu mwenye maarifa makubwa kuliko wote mara nyingi ni karani wa masjala, maana ndiye anayejua jalada lipi liko wapi na lipi liliazimwa na nani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Karani asipoitwa kwenye kikao cha mgawanyo, maarifa yake nayo hayapo kikaoni.

Mfano wa pili wanaujua watumishi wote wa umma. OPRAS, mfumo wa fomu za kupima utendaji ulioanza mwaka 2004, umeiachia nafasi PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ambamo mtumishi huingiza kazi zake na msimamizi wake huzithibitisha. Nia yake ni njema: kila mtu apimwe kwa kazi aliyoifanya. Lakini mwalimu wa shule iliyo bondeni, mtandao ukiwa unakuja na kutoka, anahitaji simu inayofaa, bando, muda, na mtu wa kumuuliza anapokwama. Kukosekana kwa mambo hayo manne ndiko nguvu inayozuia. Yakishughulikiwa, mfumo utakuwa chombo cha kazi. Yakipuuzwa, watu watajaza ili tu waonekane wamejaza, kama walivyozoea kuzijaza fomu za zamani siku za mwisho.

Ushirikishaji wenyewe hatukuuagiza Marekani. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971 ukakemea viongozi wanaowafanyia wafanyakazi jeuri na ubabe. Mabaraza yapo mpaka leo katika utumishi wa umma, na yana nguvu ya sheria ya majadiliano ya pamoja ya mwaka 2003. Tatizo ni jinsi tunavyoyatumia. Mara nyingi baraza hukutana bajeti ikiwa tayari imeandikwa, wajumbe wakasomewa, wakapiga makofi na kwenda kula. Hilo ni kundi la kwanza la Harwood, tofauti ni kwamba letu limewekewa ajenda na muhtasari.

Basi kiongozi afanye nini? Kabla ya kupitisha badiliko, aitishe wanaoifanya kazi yenyewe na awaulize swali moja: likianza Jumatatu, nini kitakwama? Wapishi, matroni, walinzi na makarani waulizwe sawa na wakuu wa idara. Kila kikwazo kiandikwe na jina la atakayekiondoa, na tarehe. Halafu, kazi mpya ikiingia, kazi moja ya zamani ipunguzwe. Mkutubi aliyeagizwa kuingiza orodha ya vitabu kwenye kompyuta, huku bado akitakiwa kuandika kadi zilezile na daftari lilelile la azima, amepewa kazi mbili kwa mshahara mmoja; atairudia ile anayoijua. Badiliko lijaribiwe kwanza sehemu moja kwa muhula mmoja, darasa moja au dirisha moja la huduma, kisha lirekebishwe kabla ya kuenezwa. Mwisho, liingizwe kwenye bajeti na kwenye ikama. Kituo cha watoto kinachoishi kwa fedha za mradi na kwa huruma ya mkufunzi mmoja kitafungwa mradi ukiisha au mkufunzi akihamishwa.

Wapo watakaosema ushirikishaji unachelewesha. Ni kweli, unachelewesha kuanza. Lakini siku za vikao ni chache kuliko miezi ya kurekebisha kilichoharibika, na gharama ya kuharibika humwangukia mtu asiyehusika: mama kijana anayerudi nyumbani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshikia mtoto. Wakuu wa vyuo, maktaba na ofisi za Njombe, Makambako na kwingineko, waraka mwingine utakuja, maana nyaraka hazikomi. Ukifika, itisheni baraza kabla ya kujibu barua, na mtu wa kwanza kupewa nafasi ya kusema awe yule ambaye kazi yake itabadilika kuliko ya wengine wote.