Mashini imekataa kuwaka na disiki imefungwa: ufanye nini mbele ya kuipeleka kwa fundi

Kwetu umeme unakatika bila kubisha hodi. Ndiyo maana wengi hawazimi mashini kabisa: wanailalisha tu, na kesho yake inarudi palepale ilipoachwa. Halafu siku moja inakataa kuwaka. Ndani yake muko kazi ya mwisho wa masomo, hesabu za shirika, ama ushuhuda wa watu ambao majina yao hayapaswi kutoka inje. Na juu ya ulinzi, disiki nzima imesimbwa: asiye na neno la siri hasomi kitu.

Inaogopesha, lakini mara nyingi vitu bado viko. Vinapotea kisha, saa ile watu wanaanza kujaribu-jaribu.

Mashini inalala namna gani?

Kuko usingizi mwepesi: kazi yako inabaki katika RAM, inalishwa na betri. Betri ikiisha, kile ambacho hukuhifadhi kimekwenda.

Tena kuko usingizi mzito, ule ekrani za Kifaransa zinauita « veille prolongée ». Hapa mashini inaandika vilivyo katika RAM juu ya disiki, ndipo inazimika. Kwa Windows, picha hiyo inakaa katika fishie iliyofichwa, hiberfil.sys. Kwa Linux, kwa kawaida inakaa katika sehemu ya swap. Na tangu Windows 8 ya mwaka 2012, hata ukibonyeza « Arrêter », sehemu ya mfumo inaweza kubaki imelala hivyo, kwa sababu ya « Démarrage rapide ».

Disiki ya mashini iliyolala ni kama daftari la duka ambalo karani ameliacha wazi, hesabu zingine akizishika kichwani. Mtu mwingine akiandika mule, karani atarudi na kuendelea na hesabu za zamani, na kurasa zitagongana. Ukichomeka disiki hiyo katika mashini nyingine, ukaandika ndani, kisha mashini ya kwanza ikaamka, mfumo utaamini yale ya zamani na utaharibu mafishie.

Kwa hiyo sheria ni moja: soma, usiandike.

Hatua kwa hatua

*Kataa kuformati.* Hata « Réinitialiser », hata kuweka Windows mpya. LUKS, namna ya kusimba inayotumiwa sana na Linux, inaweka funguo zake katika kichwa kidogo mwanzoni mwa disiki. Kwa LUKS2 ni kawaida megabaiti 16. Kichwa hicho kikifutwa na huna kopi yake, neno la siri unalolijua halitafungua tena kitu, na hakuna fundi atakayekusaidia.

*Angalia kwanza kilichokufa.* Pengine ni chaja, ni ekrani, ama ni kipande cha RAM. Hivyo vinatengenezwa bila kugusa disiki. Na kwa kazi hiyo fundi hahitaji neno lako la siri: usimwachie.

*Tafuta ufunguo.* Kwa BitLocker ya Windows, mara nyingi ufunguo unashikwa na chipu ya TPM ya mashini ileile. Ukihamisha disiki, neno unalotumia kila siku halitoshi. Utaombwa ufunguo wa uokozi wenye tarakimu 48. Utafute katika akaunti yako ya Microsoft, juu ya karatasi, katika flashi, ama kwa anayesimamia mashini za biro. Kama mashini ilinunuliwa ikiwa imetumika, ufunguo unaweza kuwa katika akaunti ya mwenye kwanza.

*Fanya kopi ya disiki nzima.* Toa disiki, ama, kama haitoki, washa mashini kwa flashi ya Linux. Programu ya ddrescue itainakili juu ya disiki nyingine kubwa zaidi. Kopi inabaki imesimbwa, kwa hiyo siri haijatoka. Hakikisha mara mbili ni disiki gani inasomwa na ni gani inaandikwa: ukizigeuza, umefuta kila kitu. Disiki ya asili iweke pembeni.

*Fungua kopi kwa kusoma tu.* Kwa LUKS ni `cryptsetup open --readonly`. Kisha, kama mafishie yako katika ext4, ni `mount -o ro,noload`. Neno « ro » peke yake halitoshi, juu ext4 inaweza kuandika ili kumaliza kazi iliyobaki katika jurnali yake. Kwa BitLocker, cryptsetup inaweza kuisoma tangu toleo 2.3 la mwaka 2020, ukiongeza `--type bitlk`. Linux ikikuambia kwamba Windows imelala na haikubali kuandika, usikasirike: inakulinda. Usiilazimishe kwa `remove_hiberfile`, kwa sababu hiyo inafuta picha ya usingizi pamoja na kazi ambayo haikuhifadhiwa.

Mafishie ukiyapata, yaweke katika disiki nyingine ambayo nayo imesimbwa, si katika flashi ya kuazima.

Kuamsha ama kufuta?

Kama hakuna kilichoandikwa juu ya disiki ya asili, unaweza kuirudisha katika mashini yake ikishatengenezwa, na iamke. Kama kuna kilichoandikwa, hata kidogo, usiache iamke. Kwa Linux, iwashe na neno `noresume`, ili iache picha ya zamani. Utapoteza kile ambacho hukuhifadhi, lakini yaliyobaki yatapona.

Na kwa wale ambao mashini zao zinawaka vizuri leo: andikeni tarakimu zile 48 juu ya karatasi, ama kwa LUKS fanyeni kopi ya kichwa kwa `cryptsetup luksHeaderBackup`. Viwekeni nyumba nyingine, si katika sakoshi moja na mashini.