Tovuti=5 Maana Yake Nini?

Tuseme una tovuti ya kukata tiketi za mabasi, na Desemba imefika. Wanaorudi kwao sikukuu wamefurika, kurasa zinachelewa kufunguka, simu za ofisini haziishi kulia. Ikiwa tovuti hiyo inaendeshwa kwa kontena ndani ya klasta ya Docker Swarm, dawa ya haraka ni mstari mmoja:

docker service scale tovuti=5

Wengi wakiuona kwa mara ya kwanza hudhani unaongeza kontena tano. Sivyo. Tano ni jumla unayoitaka. Zikiwepo tatu, zitawashwa mbili. Zikiwepo nane, tatu zitazimwa. Zikiwepo tano tayari, hata ukiirudia amri hiyo mara kumi hakuna kitakachobadilika. Unachofanya ni kumwandikia meneja wa klasta hali unayoitaka, naye hukesha akiilinganisha na hali iliyopo. Seva moja ikizimika usiku wa manane na nakala mbili za tovuti zilizokuwa ndani yake, mbili nyingine huwashwa kwenye seva zilizosalia, wewe umelala. Kwangu mimi huo ndio uzuri wa utaratibu huu, uliojengwa ndani ya Docker tangu toleo la 1.12 mwaka 2016. Kasi ya kuandika amri ni jambo dogo.

Amri ikishakubaliwa, usiondoke. Andika docker service ls uone kama huduma imefika 5/5 au imekwama 3/5. Ikikwama, docker service ps tovuti itakuonyesha kila nakala ilipangiwa seva gani na kizuizi ni nini. Mara nyingi ni kumbukumbu: uliagiza kila nakala itengewe kiasi fulani, na hakuna seva yenye nafasi hiyo tena. Nakala hubaki ikisubiri, kwa sababu kuandika tano hakuzai mashine mpya. (Huduma ya aina ya global, ile inayoweka nakala moja kwa kila seva, hukataa kabisa amri ya scale.)

Tuseme sasa zote tano ziko hewani. Abiria akiingia kupitia seva yoyote, Swarm humpeleka kwenye nakala mojawapo, na ombi lake linalofuata linaweza kuangukia nakala nyingine. Kama nakala ya kwanza ilihifadhi ndani yake kiti alichochagua, ya pili haimjui. Mambo ya namna hiyo yawekwe mahali pa pamoja, kwa mfano Redis, kabla hujafikiria kuongeza chochote.

Hifadhidata ndiyo hunitia wasiwasi zaidi. PostgreSQL, usipoigusa mipangilio yake, hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa msimamizi mkuu. Kila nakala ya tovuti ikiruhusiwa kufungua miunganisho 20, nakala tatu zitatumia 60 bila tatizo. Tano zitataka 100, nazo zilizobaki ni 97. Hapo abiria wachache wataanza kuona ujumbe wa hitilafu, tena saa ile ya msongamano mkubwa, na fundi atashawishika kuandika tovuti=8. Atakuwa amewaongezea wateja mlango wa kuingilia kwenye chumba kilichokwisha kujaa. Punguza kwanza miunganisho ya kila nakala, au weka katikati PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho.

Swarm haina kipimo chake cha kuongeza nakala yenyewe mzigo unapopanda, tofauti na Kubernetes yenye HorizontalPodAutoscaler. Namba ni ya binadamu, na binadamu wako wengi ofisini. Wewe umeandika tano. Faili la YAML linalotumika kusambaza huduma bado linasema replicas: 2. Mwenzako akirekebisha kosa dogo la maandishi na kuendesha docker stack deploy, mtarudi kwenye mbili katikati ya msimu. Kwa hiyo ukishapandisha kwa amri, badilisha na faili siku hiyohiyo.