Bingwa Hupatikanaje? Somo la Kuhesabu kwa Mpira wa Wanawake

Ninyi mlio katika kikundi cha Ushirombo, tayarisheni daftari na kalamu. Mwalimu wa kikundi akae karibu na ubao.

Kila siku malori hupita hapo Ushirombo yakielekea Rusumo, na kutoka Rusumo huingia Rwanda mpaka Kigali. Katika mji huo wa Kigali, mwezi wa Julai 2018, wanawake wa nchi 5 walishindania kombe la mpira wa miguu la CECAFA, yaani baraza la vyama vya mpira vya Afrika Mashariki na Kati. Nchi hizo zilikuwa Rwanda, Kenya, Uganda, Ethiopia na Tanzania Bara. Timu yetu iliitwa Kilimanjaro Queens. Yenyewe ndiyo iliyokuwa na kombe, kwa sababu mwaka 2016 iliishinda Kenya mabao 2 kwa 1 katika fainali huko Jinja, Uganda.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika mchezo wake wa kwanza huko Kigali, bingwa huyo alifungwa. Hata hivyo alirudi nyumbani na kombe. Yawezekanaje? Jibu limo katika hesabu, na mtu ajuaye kujumlisha na kutoa atalipata mwenyewe, pasipo kungoja kusimuliwa.

Mashindano hayo yalichezwa kwa ligi. Maana yake, kila timu hukutana na kila timu nyingine. Timu zikiwa 5 na kukutana mara moja moja, kila timu hucheza michezo 4. Anayeshinda hupata pointi 3, wakitoka sare kila mmoja hupata pointi 1, na anayeshindwa hapati kitu. Mwalimu, andika ubaoni:

Tanzania 0, Rwanda 1: pointi 0
Tanzania 1, Kenya 1: pointi 1
Tanzania 4, Uganda 1: pointi 3
Tanzania 4, Ethiopia 1: pointi 3

Jumlisheni. Mmepata 7? Vema.

Tazameni tena mstari wa pili. Baada ya michezo 2, wanawake wetu walikuwa na pointi 1 tu, na wangeweza kuwa na 6. Mtu asiyejua hesabu angesema kombe limekwisha potea. Lakini ilibaki michezo 2, yaani pointi 6 zilikuwa bado uwanjani. Walizichukua zote.

Uganda nayo ilimaliza na pointi 7. Wawili wakilingana hivyo, huangaliwa mabao, au mchezo waliokutana wao wenyewe, kama kanuni zinavyosema. Hesabu ya mabao ni kama ya mama auzaye mchele sokoni. Mabao ya kufunga ni fedha iliyoingia, mabao ya kufungwa ni fedha iliyotoka. Tanzania ilifunga 0 na 1 na 4 na 4, jumla 9. Ilifungwa 1 katika kila mchezo, jumla 4. Toeni 4 katika 9: faida ni mabao 5. Uganda haikufikia faida hiyo, na tena ilikuwa imefungwa na Tanzania mabao 4 kwa 1. Kwa njia zote mbili Tanzania ilikuwa mbele.

Iko njia nyingine ya kumpata bingwa, nayo ni mtoano. Hapo anayeshindwa hutoka, hata kama jana alishinda. Mwezi wa Novemba 2019 mashindano hayo yalifanyika Dar es Salaam. Kilimanjaro Queens walishinda michezo yao 3 ya kundi, wakashinda na nusu fainali. Michezo 4, ushindi 4. Kisha katika fainali pale Chamazi, Kenya iliwafunga mabao 2 kwa 0. Mabao yote mawili aliyafunga Jentrix Shikangwa, ambaye baadaye alikuja kuchezea Simba Queens. Kombe likaenda Kenya.

Linganisheni basi. Mwaka 2018 timu iliyoshindwa mara moja ilipata kombe. Mwaka 2019 timu ile ile ilishindwa mara moja ikalikosa. Ligi hukupa nafasi ya kujirekebisha. Mtoano haukupi.

Hili latuhusu hata sisi kijijini. Mabinti zetu wakialikwa kugombea mbuzi au jezi, nahodha wao aulize kwanza: Je, ni ligi au ni mtoano? Tukilingana pointi, hutazamwa nini? Ayaandike majibu kabla mpira haujaanza. Asiyeandika hutegemea kinywa cha mwenye mashindano, na siku ya mwisho kinywa huweza kubadilika. Daftari halibadiliki.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kama Tanzania ingetoka sare na Ethiopia, ingekuwa na pointi ngapi? Nani angekuwa mbele, Tanzania au Uganda?
2. Timu 4 zikicheza ligi ya kukutana mara moja, kila timu itacheza michezo mingapi?
3. Kwa mashindano ya mabinti wa kijiji chenu mngechagua ligi au mtoano? Toeni sababu.