Maafa ya Hanang na Wachumaji Wetu

Wanachama wengine watauliza, mlima wa Hanang una khusu gani na mkarafuu? Tunawaomba wastahamili kidogo.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Disemba, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huo, ambao kimo chake kinapita mita 3,400, ilimeguka. Hanang ni volkano ya zamani. Udongo ulioshiba maji ulishuka na mawe na magogo, ukaingia mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi. Waliokufa walizidi watu 80. Pamoja na chakula na madawa, Serikali ilipeleka maafisa wa ustawi wa jamii kuwatuliza waliofikwa. Hilo ndilo lililotushughulisha. Je, na mwenye kufukua matope na kutoa maiti, yeye hutulizwa na nani kesho anaporudi kazini?

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2011. Maneno yake ni matatu: tazama, sikiliza, unganisha, yaani umpeleke mtu penye msaada. Tena asilazimishwe kusimulia yaliyomfika. Sisi hapa kila ajaye matangani huuliza, "Ilikuwaje?", na mfiwa husimulia mara 20 kwa siku moja!

Sasa tuseme yetu. Msimu uliopita mchumaji mmoja alianguka mkarafuuni akavunjika mguu. Siku ya pili wenziwe tuliwapandisha kama kawaida. Kijana mmoja alikataa, mikono ikimtetemeka. Msimamizi, mtu mzima aliyechuma tangu utotoni, alimwita mwoga mbele ya watu. Kijana alitupa pakacha lake akenda zake, na hata leo hakurudi. Msimamizi hakuwa na ubaya. Ndivyo alivyofundishwa naye. Lakini baadaye alitwambia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuanguka, na mpaka leo huota usiku. Lau angalimwambia kijana hayo!

Wairaqw wa Mbulu, jirani za Hanang, wamejulikana tangu zamani kwa kulima miinuko yao kwa samadi na kuuzuia udongo usichukuliwe na maji. Ilimu hiyo haikuandikwa. Kijana aliipata kondeni kwa mzee wake. Na sisi wazee wetu walipita makubwa: tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, nao wakapanda upya.

Kwa hivyo Kamati imeonelea, kabla ya mavuno yajayo, wasimamizi, makarani na wachumaji wakae pamoja siku moja, wazee na vijana katika jamvi moja, wafundishwe namna ya kumpokea mwenzao aliyepatwa na mshtuko, na siku ngapi apumzishwe. Malipo ya siku hiyo hayatakatwa. Kila mwenye shamba alete afisini majina mawili, la mtu mzima na la kijana. Na yeyote ajuaye alipo kijana yule, tafadhali amfikishie salamu zetu. Pakacha lake tumeliweka.