Siku Mbili za Leseni Zinagharimu Shilingi Ngapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfanyabiashara mdogo wa Entebbe, Uganda, aliyehitaji leseni alipoteza siku mbili akizungushwa kwa maafisa. Halmashauri ya mji ikajaribu utaratibu mpya, wenye hatua chache, na leseni ikawa inatoka kwa takriban nusu saa. Tathmini ya jaribio hilo ilikadiria kwamba gharama ya kufuata sheria ilishuka kwa asilimia 75, na halmashauri yenyewe ikaokoa robo ya muda wa watumishi wake.

Asilimia kama hizo hupatikanaje? Hesabu inayotumika sana ilienezwa na Uholanzi, ambayo miaka ya 2003 hadi 2007 ilidhamiria kuwapunguzia wafanyabiashara wake robo ya mzigo wa makaratasi. Huzidisha saa zinazopotea kwa thamani ya saa moja, kisha kwa idadi ya watu na mara wanazosumbuka kwa mwaka.

Tuipeleke Vurra, barabara ya Arua inapoingia Kongo. Tuseme, kwa mfano tu, mama mmoja hupoteza saa mbili kila avukapo, saa yake ina thamani ya shilingi 2,000, na huvuka mara 100 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 400,000. Wakiwa 500 kama yeye, ni milioni 200; muda ukipunguzwa nusu, zinaokolewa milioni 100.

Inavutia, lakini inataka uangalifu. Ada ikipunguzwa, alichobakiza mama huyo ndicho kilichopungua katika mfuko wa serikali. Nchi nzima haijaokoa kitu hapo. Saa aliyokuwa akipoteza kwenye foleni ni jambo jingine: ikiokolewa, hakuna aliyenyang'anywa.

Tena si kila dakika ya mpakani ni hasara. Ebola ilipotesa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia 2018 hadi 2020, kupimwa joto na kunawa mikono kulichelewesha safari huku kukilinda maisha.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kila mtu alikuwa akifuata sheria. Anayepita njia za panya hakuwahi kujaza fomu, kwa hiyo fomu ikifutwa hajaokolewa saa hata moja. Faida yake huja akiona afadhali kupita barabara kuu, mbali na wanaomtoza kichakani. Kule Entebbe, utaratibu uliporahisishwa, waliosajiliwa waliongezeka sana, na mapato ya halmashauri yakapanda.

Ndiyo maana kuhesabu watu kwa macho kuna maana. Shirika la Takwimu la Uganda na Benki Kuu hufanya uchunguzi wa biashara isiyo rasmi mipakani, na wahesabuji wake hurekodi bidhaa zinazopita bila kuandikwa forodhani. Idadi ya watu iliyohesabiwa kwa njia kama hiyo ndiyo ambayo hesabu ya Uholanzi inaihitaji ikifika Vurra, au Oraba kule Koboko, mpakani na Sudan Kusini.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, Kongo 2022. Atakayetaka kukadiria cheti hicho kinaokoa kiasi gani asianzie kwenye mkataba. Aende sokoni Arua na Koboko, awaulize wauzaji: mlikiomba, mkapewa, na mlisubiri saa ngapi?